Sura Iliyokuja Baada ya Ramli: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Jinamizi Dodoma

Mhusika wa kisa hiki hakuletwa kwa ajili ya usingizi. Dada yake mkubwa alimleta kwa sababu kijana huyo, mwenye umri wa miaka 26, alikuwa ametamka mbele ya majirani kwamba siku atakapomkuta shangazi yao peke yake kijijini, atamalizana naye. Nitamwita Mlinzi, kwa kuwa ndiyo kazi yake: analinda eneo la ujenzi upande wa Mtumba, ambako Mji wa Serikali umekua kwa kasi tangu ulipotolewa, mwaka 2016, msukumo mpya wa kuhamishia shughuli za Serikali Dodoma. Amepanga chumba kimoja mjini, mke na mtoto wake wamebaki kijijini wilayani Chamwino, na kwa maelezo ya dada yake hajawahi kujulikana kuwa mtu wa ugomvi. Mambo mengine yanayoweza kumtambulisha yeye au ukoo wake nimeyaacha.

Alipoulizwa shangazi amemkosea nini, alijibu bila kusita kwamba anakuja kumkaba.

“Nakuwa macho kabisa,” alisema. “Naona bati, naona kamba ya nguo, namsikia mtoto wa mwenye nyumba anacheza nje. Lakini hata kidole hakisogei. Halafu mlango unafunguka bila sauti, anaingia, ananikalia hapa.” Akaonyesha katikati ya kifua.

Tukio lilimpata zaidi asubuhi anapotoka lindo la usiku, akiwa amelala chali kwa sababu ya joto la bati, muda mfupi tu baada ya kujilaza. Alijaribu kusali lakini ulimi ukawa mzito. Alijaribu kumwita mpangaji wa chumba cha pili lakini sauti haikutoka. Mambo yalipoachia, mara nyingi ghafla, aliketi akitweta, moyo ukimwenda mbio, na hakuthubutu kulala tena hadi alipoitwa kuingia zamu nyingine. Mabega yalimuuma kutwa. Kijijini kwao uchovu wa namna hiyo una maelezo yake tayari: mtu anayeamka amechoka kuliko alivyolala huambiwa kwamba wachawi wamemchukua usiku wakamlimisha mashamba yao. Mlinzi alikuwa amekwisha kuambiwa hivyo na watu kadhaa.

Hadi hapo, msikilizaji anaweza kufikia haraka mojawapo ya hitimisho mbili zilizozoeleka, ama kwamba kijana amerogwa, ama kwamba ana ugonjwa wa akili unaohitaji kupelekwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, siku hiyohiyo. Zote mbili zinaruka jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha kisa hiki, nalo ni mfuatano wa matukio. Nilimwomba asinisimulie tukio la kutisha kuliko yote, bali anianzie mwanzo kabisa na kuendelea kwa utaratibu, tukitumia misimu kama alama: kabla ya mavuno ya uwele, baada ya mavuno, mvua zilipoanza, na kadhalika. Habari iliyotoka kwa njia hiyo ilikuwa tofauti na ile aliyoizoea kuisimulia.

Baba yake alifariki wakati wa mavuno. Muda mfupi baadaye kampuni ilimbadilishia kazi kutoka zamu ya mchana ya kudumu kwenda zamu za kupokezana, wiki moja mchana na wiki moja usiku. Mwili ukaanza kuganda katika wiki za usiku. Mwanzoni hapakuwa na mtu yeyote chumbani. Palikuwa na uzito tu na hofu. Baadaye kidogo akaanza kuhisi kwamba kuna mtu amesimama karibu na mlango, kivuli kisichojulikana kama ni mwanamume au mwanamke. Aliwasimulia wenzake wa lindo. Mmoja alimwambia ni jinamizi, aweke kisu chini ya mto. Mwingine alimpeleka kwa mganga aliyepiga ramli na kutamka kwamba anayemsumbua ni mwanamke, mtu mzima, wa damu yake, wa upande wa baba. Mlinzi ana shangazi mmoja tu aliye hai. Katika wiki ya usiku iliyofuata, kivuli kilikuwa kimevaa kitenge, kilichechemea kama anavyochechemea shangazi, na kilikuwa na uso wake.

Mfuatano huu yeye mwenyewe aliueleza vizuri, na alikuwa na tafsiri yake: “Mganga alinifumbua macho.” Kwa mtazamo wake, shangazi alikuwapo tangu siku ya kwanza akiwa amejificha, na ramli ikamvua kificho chake. Ni tafsiri inayojitosheleza, na asiyeiheshimu kwa kiwango hicho hataweza kuijibu. Lakini mfuatano huohuo una tafsiri ya pili, kwamba sura ilitoka katika ramli ikaingia katika tukio ambalo hadi wakati huo halikuwa na sura. Ili kupima tafsiri hizo mbili ni lazima kwanza kujua kinachotokea mwilini.

Usingizi wa mwanadamu huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90. Katika sehemu ya kila mzunguko macho huchezacheza kwa kasi chini ya kope, ubongo huchangamka karibu kama wa mtu aliye macho, na ndoto zilizo wazi zaidi hutokea. Aserinsky na Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago waliieleza hali hiyo mwaka 1953. Katika kipindi hicho shina la ubongo hutuma amri inayolegeza karibu misuli yote ya hiari, isipokuwa ile inayoendesha macho na kiwambo kikuu cha kupumulia. Ulegevu huo ni kinga, kwa maana bila huo mtu angeziigiza ndoto zake kitandani na kujiumiza. Jinamizi hutokea pale fahamu inapoamka kabla amri hiyo haijaondolewa, au inapokuwa bado haijazama wakati amri imekwisha kutolewa. Mtu anaona chumba chake halisi, anasikia sauti halisi za nje, lakini mwili bado uko ndotoni, na mabaki ya ndoto yanaendelea kupita juu ya kile anachokiona. Hudumu sekunde kadhaa hadi dakika chache, kisha huisha kwenyewe au mtu mwingine anapomgusa aliyeganda.

Uzito wa kifuani nao una chanzo kinachoeleweka. Kiwambo kinaendelea kufanya kazi, kwa hiyo hewa inaingia, ila misuli ya mbavu imelegea na pumzi inabaki fupi. Aliyeamka kwa hofu hujaribu kuvuta pumzi ndefu, hawezi, na ubongo hutafsiri kushindwa huko kama kukabwa. Hakabwi, wala hafi. Lakini kumwambia mtu hivyo baada ya tukio ni rahisi kuliko kuliamini akiwa ndani yake.

Zamu za kupokezana ndizo zinazoeleza kwa nini mambo haya yalimpata Mlinzi asubuhi na si wakati mwingine. Mwelekeo wa mwili kuingia katika usingizi wa ndoto huwa mkubwa zaidi alfajiri na asubuhi. Anayelala usiku hupitia kwanza usingizi mzito ndipo azifikie ndoto ndefu za alfajiri. Anayejilaza saa 3 asubuhi akiwa hajalala usiku kucha anaweza kutumbukia katika usingizi wa ndoto karibu moja kwa moja, fahamu ikiwa bado haijazimika. Watafiti wa Japani, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1992, waliwaamsha watu waliojitolea katikati ya usingizi na kuwarudisha kulala, na kwa njia hiyo wakafanikiwa kusababisha hali hii ndani ya maabara. Kulala chali huongeza uwezekano, na msiba, wasiwasi na usingizi uliokatikakatika huongeza pia. Mlinzi alikuwa navyo vyote. Wala si jambo la nadra: mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2011 yalikadiria kwamba asilimia 7.6 ya watu kwa ujumla hupatwa nalo angalau mara moja maishani, na miongoni mwa wanafunzi asilimia 28.3.

Kabla ya kuridhika, yalifanyika maulizo ya kuondoa mengine. Magoti hayamlegei anapocheka, wala hasinzii ghafla mchana katikati ya mazungumzo, mambo ambayo yangeelekeza kwenye ugonjwa wa kusinzia. Hajing'ati ulimi, hajikojolei, na anakumbuka kila kitu, jambo linaloufanya uwezekano wa kifafa uwe mdogo. Akiwa macho na ametulia hasikii sauti wala haoni watu wasiokuwapo, na shutuma zake kwa shangazi hazijasambaa kwa watu wengine. Hanywi pombe. Daktari alimpima na hakuona la ziada.

Narudi kwenye sura. Kuhisi kwamba kuna mtu chumbani ni sehemu ya kawaida ya tukio hili duniani kote. Mwaka 2006 madaktari nchini Uswisi, walipokuwa wakiuchunguza ubongo wa mgonjwa wa kifafa kabla ya upasuaji, waliichochea kwa umeme sehemu ya kushoto ambako ubongo huunganisha taarifa za mwili na nafasi uliyomo. Mgonjwa alihisi kivuli cha mtu nyuma yake, kikiiga mkao wake mwenyewe. Ubongo una uwezo wa kumtoa “mtu” pasipo mtu. Katika jinamizi uwezo huo unafanya kazi wakati sehemu zinazoshughulikia hatari zimechangamka kupita kiasi, na hofu isiyo na chanzo haikai muda mrefu bila kutafutiwa mwenye nayo.

Anayepatikana hutegemea mahali na historia ya mhusika. Kisiwani Newfoundland, Kanada, ni bibi kizee anayepanda kifuani. Miongoni mwa wakimbizi wa Kambodia waliohamia Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulieleza mizimu inayowakandamiza walalao, na kwa baadhi yao maono hayo yalifungamana na mateso waliyoyapitia wakati wa utawala wa Khmer Rouge. Huko Misri, ambako wengi hulihusisha na majini, watafiti waliolinganisha nchi hiyo na Denmark waliona kwamba Wamisri waliopatwa walihofia zaidi kufa na walilieleza tukio kuwa la muda mrefu zaidi. Hilo la mwisho lina uzito wa pekee kwa kisa chetu, kwa sababu linaonyesha kwamba maelezo ambayo mtu anayo kuhusu tukio hayaishii kulipamba tu. Hofu inayotokana nayo huukata usingizi, na usingizi uliokatika huzaa tukio jingine.

Sisi wenyewe tuna mfano mkubwa zaidi wa yote hayo. Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urejeshwe, hofu ya Popobawa, kiumbe anayesemekana kuwavamia watu usiku wakiwa wamelala, ilianzia Pemba ikaenea Unguja. Watu walieleza kukandamizwa vitandani wakiwa hawawezi kusogea wala kupiga kelele, na familia nzima zikalala nje kwa makundi. Kulala kwa zamu, kwa hofu na kwa kushtukashtuka ndiko kunakozalisha hali hiyohiyo. Kundi la watu Unguja lilimuua mtu aliyekuwa na matatizo ya akili kwa kumdhania kuwa ndiye.

Mlinzi hakuwa na Popobawa; alikuwa na ng'ombe. Marehemu baba yake aliacha ng'ombe kadhaa kwenye zizi la shangazi, wakitunzwa huko kama ilivyo desturi ya wafugaji wengi wa Ugogo kugawa mifugo kwa ndugu ili ukame au ugonjwa usiwamalize wote kwa pamoja. Baada ya matanga, shangazi alisema wawili kati yao walikuwa wake, wametokana na mahari. Mlinzi alisema wote ni wa baba. Maneno makali yalitoka pande zote mbili, na hiyo ilikuwa kabla ya mganga kuwafahamu yeyote kati yao. Ramli iliyotaja “mwanamke mtu mzima wa upande wa baba” haikuhitaji ujuzi wowote wa siri. Misiba mingi huacha ugomvi wa mali, na ugomvi mwingi wa mali una ndugu wa baba ndani yake. Maneno yalikuwa mapana kama shuka, na Mlinzi akajifunika palipomtosha.

Ndiyo maana nasita kumlaumu kijana kwa kile alichokiona. Hakubuni. Alikuwa na kivuli kisicho na sura, chuki isiyo na ushahidi, na mtu anayeheshimika akamwambia kwamba hivyo viwili ni kitu kimoja. Kuanzia hapo kila asubuhi ya kuganda ilikuwa ushahidi mpya, tena ushahidi wa macho, ambao mahakama yoyote ya moyoni huupokea. Serikali yetu ina jina la shughuli ya namna hii, ramli chonganishi, na mwaka 2015 ilitangaza kuipiga marufuku katika mazingira ya mauaji ya watu wenye ualbino. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa macho mekundu yaliyotokana na moshi wa miaka mingi ya kupika. Kauli ya Mlinzi kwamba “atamalizana naye” haikupaswa kuchukuliwa kama hasira ya kupita, na dada yake alikuwa na busara kuliko wengi wetu alipoishughulikia mapema.

Mchungaji wa kanisa la maombi alilohudhuria naye alikuwa na neno lake: pepo wa ukoo. Nililiona kuwa na madhara madogo kuliko la mganga, kwa kuwa pepo huyo hakuwa na jina la mtu aliye hai. Sikumwomba Mlinzi aache maombi. Nilimwomba akubaliane na jambo moja, kwamba hata kama uchawi upo, kuona sura ya mtu wakati mwili umeganda si ushahidi juu ya mtu huyo. Alibishana nalo kwa muda, kisha akauliza swali ambalo naliona kuwa ndilo lililogeuza mazungumzo: kwa nini basi hamwoni katika wiki za mchana? Kama shangazi ana uwezo wa kupita milango iliyofungwa, kwa nini afuate ratiba ya kampuni ya ulinzi? Hakulijibu, na mimi sikumjibia.

Hatua za usingizi zilikuwa rahisi kueleza na ngumu kutekeleza. Msimamizi wa lindo alikubali kumwacha katika zamu ya usiku kwa mwezi mzima badala ya kumgeuza kila wiki. Dirisha liliwekwa kitambaa kizito, godoro likasogezwa mbali na ukuta unaopigwa na jua la asubuhi, na aliacha vinywaji vya kuongeza nguvu alivyokuwa akinywa kuelekea alfajiri ili asisinzie kazini. Alijifunza kulala ubavu, akiweka mto mgongoni usimruhusu kugeuka chali. Kwa tukio lenyewe tulitumia utaratibu unaofanana na ule uliopendekezwa na mtafiti Baland Jalal mwaka 2016: kulitambua kwamba ni lile lile na litaisha, kufumba macho, kutopambana na mwili uliolegea wala kulazimisha pumzi, na kuelekeza fikra zote kwenye kitu kimoja chenye faraja. Kitu hicho alikichagua mwenyewe, Zaburi ya 23, akiipitia moyoni mstari kwa mstari badala ya kuhangaika kuitamka.

Upande wa ukoo ulikuwa mgumu zaidi. Baba mdogo aliitisha kikao kijijini, dada akiwapo. Mlinzi aliamkia shikamoo kwa sauti ya chini, akaitikiwa marahaba, kisha pakawa na kimya kirefu. Shangazi aliposikia shutuma alisema, “Mwanangu, mimi kupanda basi tu mpaka nishikwe mkono. Nitafika vipi Dodoma kila asubuhi?” Wengine walicheka. Hoja hiyo, lazima isemwe, haina nguvu kwa mtu aliyekulia katika masimulizi ya ungo. Lenye nguvu lilikuwa jingine: alieleza kwamba alipofiwa na mume wake naye alikabwa kwa miezi, na aliyemwona alikuwa wifi yake, ambaye wakati huo walikuwa wakigombea shamba. Mlinzi, kwa maelezo ya dada, mwanzoni aliyachukua maneno hayo kama ujanja wa mtu mzima. Ni siku kadhaa baadaye, akiwa kazini, alipompigia dada simu kuuliza kama wifi huyo alikuwa mchawi kweli. Dada alimjibu kwamba ni yule bibi aliyewalea wao wote wawili mama yao alipokuwa mgonjwa.

Tangu hapo matukio yamepungua sana, bila kuisha. Yalirudi alipolazimika kushika zamu mbili mfululizo baada ya mwenzake kuugua. Alisema alihisi mtu mlangoni, akafumba macho na kuanza Zaburi, kwa hiyo hajui alikuwa nani. Kauli ya kumalizana na shangazi hajairudia, na mbele ya baba mdogo aliiomba radhi. Hata hivyo chakula cha nyumbani kwa shangazi bado hali, na kuhusu wale ng'ombe wawili ukoo umekubaliana tu kwamba wabaki zizini walipo hadi wazee wanaokumbuka mahari ile waitwe kutoa maelezo yao.